Dirisha la Tatu

Kurasa mia mbili na kumi na nne.
Nilizihesabu mwenyewe, nikazigonga muhuri,
nikamkabidhi Mwalimu Hatsue Kuwabara kwa mikono miwili
kama adabu ya kwetu itakavyo.
Akainama, nami nikainama,
na kati ya vipaji vyetu viwili vya uso
kulikuwa na kilo nzima ya weusi.

Aliomba matokeo ya vipimo vya visima,
mtaa wa Sawabe, chini ya kiwanda cha kromu, miaka sita.
Sheria inamruhusu. Yeni kumi kwa ukurasa:
alilipa kwa sarafu, akizipanga moja moja juu ya kaunta
hadi foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.

Sheria ina mlango, mlango una kitasa,
na kitasa, mwaka ule, kilikuwa mimi:
Nagatomo, daraja la chini, kalamu nene nyeusi.
Bwana Inokuchi alitia alama kwa penseli, mimi nikafunika.
Jina la kiwanda, funika.
Namba yenye desimali, funika.
Saa ya chakula nikafungua kikasha changu,
nikakuta mke wangu ametandaza mwani juu ya wali,
mweusi, tambarare, kutoka ukingo hadi ukingo.
Nikakifunga.

Mwalimu alirudi baada ya wiki
na ukurasa mmoja tu, wa themanini na saba,
akausukuma chini ya kioo.
Juu ya weusi wangu alikuwa amesahihisha
kwa wino mwekundu, uleule,
wa nilipokuwa na miaka tisa, magoti yamekufa ganzi mkekani pake,
naye anasema: Nagatomo, unauanza mstari
kama mtu anayezima sigara.
Kisha huinyanyua karatasi dirishani:
jua halihongeki, huonyesha mkono ulipopita mara mbili.

Mwanzo: bado unakandamiza.
Unyoofu: afadhali.
Na kwenye mstari wa kumi na moja, duara, maneno matatu:
*Hapa mkono umetetemeka.*

Mstari wa kumi na moja.
Nilikuwa nimeusoma mara tatu kabla ya kuuzika.

"Wino wangu nausagia kwa maji ya kisimani," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeulizia saa ya basi.
"Mwaka juzi ulianza kuganda. Nikadhani ni uzee wangu."
Halafu: "Ni bado unatumia mkono wa kushoto?"
Nikasema ndiyo.
Akavuta fomu mpya, akaijaza, herufi zake zimesimama
kama watu waliokataa kuketi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini anayeficha maradhi ya mwenzake,
huyo hupandishwa cheo mwezi wa nne.

Sheria inatoa siku kumi na tano.
Siku ya kumi na tatu Bwana Inokuchi alizileta zilezile,
penseli ileile pembeni. "Rudia tu."
Nikamwambia kalamu imekauka.
Hakukasirika. Akavuta droo:
kasha zima, kalamu kumi na mbili, bado zimo kwenye plastiki.
Akaniwekea mezani taratibu, kama mtu anayemwandalia mgonjwa dawa,
akaenda kuwahi treni yake.

Nilipaka. Msinisifu.
Nilipaka kila alipoonyesha, hakuna alama niliyoiruka,
hata mkaguzi angezipitisha.
Ila nilipaka kwa mkono nilionyimwa nikiwa na miaka tisa,
mwepesi, pasi moja, bila kurudi nyuma,
na ukurasa wa themanini na saba
niliupaka wa mwisho, wino wa kalamu ukielekea kwisha.

Asubuhi akaja. Nikahesabu, nikagonga, nikainama.
Hakuzitazama pale.
Alizikumbatia kifuani, akavuka mlango wa kioo,
na nje, Jumatano ile,
baada ya siku tisa za mvua,
kulikuwa na jua.