Kukanda

Chumba changu kiko Makadara, nyuma ya duka la dawa,
pale harufu ya iliki inapoingia bila hodi.
Kwenye kibao cha mlangoni niliandika: VIUNGO.
Mara mbili kwa wiki mtu hugonga akiuliza bei ya mdalasini.
Simlaumu. Namuuliza tu, "Na goti, haliumi?"
Huwa linauma.

Miaka kumi na tisa nakanda watu.
Mifupa niliisoma kwa majina ya kitabuni,
kisha nikaisoma upya kwa majina ya wenyewe:
"pale panaponivuta nikisujudu,"
"huku, nikipanda ngazi na mtungi wa gesi,"
"hapa. Hapa, tangu alipofariki."
Hili la mwisho halimo kitabuni.

Mwezi wa Shaabani nikaletewa jicho:
kamera juu ya miguu mitatu, ndani yake akili unde.
Humtazama mtu akikunja goti, ikasema: nyuzi sitini na mbili.
Mimi, kwa macho yangu, ningesema, "Lakaribia."
Nikatoa kipimo changu cha plastiki niikosoe.
Sitini na mbili. Nikapima tena.
Kipimo nikakilaza ndani ya mtoto wa meza,
kimya, kama mtoto kweli, aliyeshindwa ugomvi.

Bi Thureya wa mahamri, kiharusi kimemchukua kulia.
Mkono uliolisha mtaa kabla ya jua
umelala pajani kama mgeni asiyejua aage vipi.
Mashine humwambia, "Hongera, umefanya mara kumi,"
kwa Kiswahili kilichopigwa pasi.
Hunigeukia: "Huyu ni wa wapi? Hana hata kikohozi."
Lakini nyumbani, mjukuu akimwekea simu, hufanya thelathini.
Kwangu hufanya saba, kisha huomba chai.

Mwambire aliendesha winchi bandarini hadi bega likagoma.
Winchi sasa yaendeshwa na kijana aliyekaa ofisini, kwa vitufe.
Nilidhani ataichukia kamera.
Akanijibu akifunga shati kwa mkono mmoja:
"Hii haijaniona nikilia.
Au imeniona, ila haijui ni nini."
Hufanya mazoezi saa tisa usiku, yeye nayo tu.
Na ndiyo iliyogundua, si mimi,
kwamba huinua bega kwa kuazima mgongo.
Miezi miwili mgongo huo ulikuwa mikononi mwangu.

Nililala vibaya siku hiyo, niseme kweli.

Zuwena, binti wa dada yangu, ana fomu za chuo
na kalamu mdomoni.
"Mamdogo, nisomee kazi hii,
au nitahitimu nikute kiti kina mwenyewe?"
Hotuba nilikuwa nayo, ya moyo na utu.
Ikanikwama kooni; Bi Thureya alikuwa ameshafika,
na mtu hahamishwi kitini kwa hotuba.

"Njoo, shika hapa." Kifundo cha mkono.
"Wasikia nini?"
"Baridi."
"Na nini?"
Akafumba macho. "Kama… kuna kitu kinataka."
Kamera ikaandika: hakuna mwendo.
Haikukosea. Mwendo haukuwapo.
Kilichokuwapo ni kile kinachoutangulia,
kama unga unapoanza kuitikia hamira
na ukiutazama huoni lolote.

Bi Thureya akavitazama vidole vya msichana.
"Kandamiza, mwanangu. Unga haukandwi kwa adabu."

Jioni nikaikuta fomu mezani, haijajazwa,
ina alama ya dole gumba, ya mafuta ya karafuu,
karibu na chaguo la kwanza. Karibu tu.
Huenda aliegemea.
Nikaipangusa kamera vumbi, nikazima taa.