Skrubu ya Tano

Zamani, ukiishiwa skrubu, ulimpigia Pinnock mluzi.
Alikuja akiburura mguu na toroli,
na habari za binti yake wa Leeds,
na skrubu, aghalabu za saizi nyingine.

Sasa kabati limepanda hadi darini,
orofa nne za trei gizani.
Nakanyaga pedali: ndani kitu kinashuka, kinavuta pumzi,
kinanisogezea kifuani kile kile nilichotaka.
Taa ya kijani inanyoosha kidole: hizi. Nne. Basi.
Haikosei.
Haina binti.

Nje, mvua ya Huddersfield inanyunyiza bila haraka.
Mikono bado yangu:
kufunga pampu, kuhisi skrubu ikikubali
kabla spana haijalia.

Jana, karibu na kengele, trei ilileta tano.
Skrini ikashikilia: nne.
Nikafungua pampu zote za zamu ile, moja moja,
nikidhani nimeacha tundu wazi.
Zote zilikuwa zimeshiba.

Ile ya tano nimeitia mfukoni.
Sijamwambia mtu.
Nikipita mlango wa stoo ya kale huigusa,
na midomo, yenyewe, hujikunja kwa mluzi.