Mtandao Haujakatika

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Göttingen,
mvua ya Novemba isiyojua kunyesha wala kuacha.
Chumba changu kiko juu ya duka la mikate;
harufu hupanda ngazi bila kubisha hodi.
Nafungua kompyuta kwenye ubao wa kupigia pasi.
Tuko thelathini na wanane,
visanduku vyeusi, majina meupe,
kama makaburi yaliyopangwa na mtu nadhifu.

Daktari Ahlborn hatukemei kwa kuzima kamera.
"Habari za asubuhi, giza langu," husema,
kisha hunywa chai kwa sauti tunayoisikia sote.
Somo lake ni la nafsi na mwili,
na wengi tumelichagua
kwa kuwa halina maiti.

Wiki ya kwanza aliuliza:
mwili huongea lugha gani?
Thorben akajibu, "Vipimo."
Nesrin akasema, "Bibi yangu kule Duisburg
alimwambia daktari ini lake linaungua.
Wakalipiga picha. Ini zuri kama la ndama.
Hakuna aliyeuliza moto umewashwa na nani."

Leo yuko mgonjwa. Si mwigizaji.
Bwana Pruss, tarishi wa posta, miaka hamsini na tisa,
ameketi kando ya Daktari
na koti lake limefungwa vifungo vyote.
Kifua humbana
akifika ngazi za nyumba namba kumi na nne.
Si namba kumi na mbili. Si kumi na sita.
Moyo wake umechunguzwa mara mbili:
mishipa wazi, kama barabara ya alfajiri.

Tunauliza. Kuuliza tunakujua.
Maumivu yanashuka mkono wa kushoto?
Jasho? Kichefuchefu? Sigara ngapi?
Baba yako alikufa na nini?
Anajibu kama mtu anayetia saini.

Zamu yangu ikafika, maswali yote yameliwa.
Nikaokota lililobaki sakafuni:
"Nani anakaa namba kumi na nne?"

Picha ikaganda.
Mdomo nusu wazi, kiganja juu ya goti.
Thorben akaandika: amekatika.
Mwingine: hata kwangu.
Mwingine: tutoke, tuingie tena.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya mlango.
Daktari Ahlborn akasema, kwa sauti ya kumfunika mtoto,
"Mtandao haujakatika."

Ndipo nikakiona kifungo cha koti
kikipanda,
kikishuka.

Chini yangu mashine ilikuwa ikikanda unga.
Nikagundua nimeuma meno,
labda tangu mtihani wa anatomia,
labda tangu kabla.

"Detlef," akasema. "Alikuwa anakaa."
Kisha: "Barua zake bado zinakuja.
Matangazo ya vifaa vya masikio.
Wanamwita mteja mpendwa.
Kanuni inasema nizirudishe.
Mimi nampelekea.
Sanduku limejaa, siku hizi nasukuma kwa dole gumba."

Hakuna aliyeandika kitu.
Kisanduku kimoja kikawaka:
Thorben, kumbe ana ndevu,
na nyuma yake soksi zimeanikwa kwenye kiti.

Bwana Pruss hakupona siku ile.
Aliuliza kama anaweza kwenda,
ana mtaa mzima unamngoja.
Tukaambiwa tuandike tulichosikia.
Niliandika: kifua. Nikafuta.
Niliandika: ngazi. Nikafuta.
Nikaacha: dole gumba.

Februari, mtihani, ubao uleule wa pasi.
Swali la saba: mgonjwa amenyamaza ghafla.
Rudia swali. Badili mada. Mpe rufaa. Agiza kipimo.
Nikatafuta kungoja, hakukuwepo.
Nikakaa mbele ya swali lile, mikono mapajani,
mpaka mtambo ukaingiwa na shaka,
ukanitolea dirisha dogo la kijivu:
Bado upo?

Nikabonyeza:
Nipo.