Jibu la Swali la Tisa

Fomu imekuja na basi la asubuhi,
imekunjwa mara nne, kalamu imechomekwa juu yake.
Swali la tisa: Je, madigadi yanamkinga dereva na tope?
Tia alama: Vizuri. Wastani. Hafifu.
Visanduku vitatu, kila kimoja sawa na punje ya mtama.

Mimi ni Nkwimba, mbeba chanjo,
Nyanguge hadi Kahangara, na vijiji vya ufukweni
ambako barabara hukoma na matete huanza.
Chombo mlichonipa kina magurudumu manne;
watoto wanakiita Chura
kwa jinsi kinavyoruka na kukaa kitako.
Sanduku la barafu nyuma, mimi mbele,
na masika hayajaniuliza nina kazi gani.

Basi nijibu.
Mvua ya kwanza, vumbi likiwa ndiyo kwanza limelowa,
madigadi yanakinga. Nilifika zahanati nadhifu
kama bibi harusi, hata nikajiona.
Mvua ya tatu ni habari nyingine.
Tope la mbuga si tope, ni mdai:
likikushika limekushika, mpaka ulipe.
Halirukii usoni; huko plastiki yenu imeweka mkono.
Linapanda kwa nyuma, kimya,
linakuzaba kofi la kisogoni
kama mtu asiyetaka kuonekana.
Na magoti, yote mawili, hamkuyatia kwenye hesabu.
Aliyechora digadi hili, nadhani, alikuwa na miguu mifupi,
au alikaa ndani siku ile ikinyesha.

Nikaenda Kisesa kwa fundi Luhende,
mshona katambuga.
Akapima kwa shibiri, akakata tairi la fuso,
akatoboa kwa msumari wa moto,
akafunga masikio manne meusi
yananing'inia kama ya mbuzi.
Nikamwambia: yashushe, Luhende, yabane gurudumu,
nisipate hata tone.
Akacheka. "Ukibana sana, tope litakosa pa kutokea."
Sikumsikia. Mwenye pesa ni mimi.

Siku ya pili, katikati ya majaruba ya mpunga,
Chura akagoma.
Tope lilikuwa limejaa kati ya sikio na gurudumu,
limeshindiliwa kama ugali wa muhogo,
haliendi mbele, halirudi nyuma.
Nikachokonoa kwa kijiti, kisha kwa kijiko, kisha kwa kucha,
chanjo zikihesabu saa ndani ya barafu,
na mimi, niliyekataa hata tone,
nimepiga magoti, tope hadi kwapani.

Sasa nimeacha nafasi ya vidole vinne.
Yanayopita hapo yapite. Tumezoeana.

Jambo moja fomu haikuuliza.
Zamani nikirudi, mwanangu Minza hunizunguka
akiusoma mgongo wangu kama ubao:
"Hili jeusi la mbugani. Hili jekundu, ulipanda kilima.
Hili la kijivu linanuka dagaa, ulifika ziwani."
Hakukosea. Nikivua koti analitundika ukutani
taratibu, lisipukutike.
Juzi nimerudi safi, masikio ya Luhende yamefanya kazi.
Akanizunguka mara moja, akanizunguka tena, akasimama.
"Mama, leo hukwenda?"

Nilikwenda, mwanangu. Watoto thelathini na saba,
na mmoja kaning'ata.
Nikainama kufungua viatu, ndipo akaliona,
nyuma ya sikio la kushoto:
tone moja, limekauka, la kijivu.
Akalibandua kwa ukucha, akalinusa.
"Kwenye mitumbwi," akasema,
akaenda zake kucheza.

Nimetia alama Wastani.
Kalamu yenu naomba nibaki nayo.