Harage la Chausiku

Tandika, darasa la chekechea.
Maharage kumi na moja yamelala kwenye pamba,
kila moja na kopo lake, na jina.
La Chausiku halioti:
kila asubuhi analifukua
aone kama limeamka.

"Liache, mwanangu. Nalo lina haya."

Mezani binzari imegeuka rangi,
vizibo vya soda vimekuwa kayamba,
Mbwiga kapaka mwezi wa Idi
mpaka sikioni kwa jirani.

Kesho shule inafungwa.
Chausiku analiinamia kopo,
anatikisa kayamba polepole
kama anayemwamsha mgeni.

Jumatatu, mikeka bado imekunjwa,
kijani kimechungulia ukingoni.
Niseme ni maji? Ni kule kuachwa?
Kayamba liko kwapani mwake,
anangoja sifa.