Lango la Tatu, Burbank

Siku ya tisini na saba. Lami inachemka.
Soli za Renata zimelika upande mmoja,
na bango lake, alilolihariri mara nne,
limebaki na maneno mawili:
TULIPENI TULICHOANDIKA.

Mfukoni ana hundi ya kipindi kilichorudiwa:
senti kumi na nne.
Stempu ya bahasha ilikuwa ghali zaidi.

Lori linafika. Dereva anautazama mstari wetu,
anapiga honi, anageuza.
Tunashangilia
kama darasa lililosikia mwalimu haji.

Jioni Wendell, mlinzi wa lango,
anampenyezea Renata chupa ya maji, ananong'ona:
"Yule muuguzi aliyezimia tangu Mei,
atapona?"

"Hata mimi sijui, Wendell.
Nilimwacha katikati ya sentensi,
mdomo wazi."