Kivuli cha Mkungu

Nimepima kivuli kwa mpini wa ufagio.
Saa tatu kilikuwa kwenye rehani,
saa sita kimelala juu ya asumini,
alasiri kinapanda ukuta wa Mwana Zubeda
kama mwenye nyumba.

Mwaka wa tatu huu asumini hazichanui.
Majani tu, marefu, membamba,
yananyosha shingo kama watoto wa chuoni
wanaochungulia njia mwalimu akisinzia.
Na mimi naishi kwa vikuba.
Harusi ya Ijumaa nimenunua maua ya watu, ya Shela,
mimi, niliyezaliwa kwenye harufu hii hapa Gadeni,
nikayahesabu moja moja nikaona haya.

Mkungu huu sikuupanda.
Thureya aliponda kungu kwa jiwe mlangoni,
akala kiini, moja akaitupa nzima.
Ndiyo hiyo.
Yeye yuko Jeddah, ana watoto,
mti wake umefika ghorofa ya pili
na kila usiku popo wanakula huku, wanatema kule,
chokaa ya ukuta haitazamiki.

Bwanaheri amekuja na msumeno na punda wawili.
Akauzunguka mti, akaupiga kofi kama ng'ombe wa mnada.
"Kutoka shinani, elfu nne, na kuni zangu."
Nikamwambia matawi.
"Matawi yanarudi, mama. Utaniita tena."
"Basi nitakuita tena."
Tukabishana hadi punda mmoja akalala.
Tawi la kusini, elfu moja.
Lile la juu ya asumini, elfu na mia tatu,
kwa kuwa linaning'inia kwenye bati la jirani
na jirani ana mdomo.

Lilipoanguka nilihisi joto utosini.
Chini, kwenye udongo uliozoea unyevu,
limeketi jua dogo, kadiri ya mkeka wa kuswalia,
na mjusi kashalikalia.

Magharibi haijaadhiniwa, Mwana Zubeda hodi.
Yeye aliyenilaani miaka sita kwa majani mekundu
yanayoziba mchirizi wake.
Hakuketi.
"Jikoni kwangu leo tanuri," akasema. "Ungeniuliza."
Sikuwa na jibu. Nikampa kuni.

Usiku nimempigia Thureya:
goti langu, bei ya sukari, harusi ya nani na nani.
Mti sikuutaja.
"Popo bado wanakutukana?" akauliza.
Nikasema wamepungua.

Kesho nitang'oa mashina matatu ya asumini
niyapandishe darini ndani ya madebe ya samli.
Pale kivuli kinapokataa kuondoka
nitazika binzari, binzari haina makuu.
Shina la nne nimeliachia lile jua la mkeka.
Lijaribu bahati yake.

Kigutu kinatoka utomvu.
Nimekipaka chokaa,
sijui kama ndivyo inavyofanywa.

Nikienda kutia komeo, mguu umekanyaga kungu,
nzima, haijaguswa na popo.
Nimeifunga pindoni mwa leso
pamoja na chenji ya Bwanaheri.